FURAHA YA HARUNI: NDUGU ANAPOMWAMINI NDUGU

Somo la Juma
Andiko la msingi: Kutoka 4:10-16 na 27-31
Soma pia: Hesabu 12, Luka 15:25-32, 2 Wakorintho 8:18-21
Neno la kushika: Ndugu wa kweli hufurahi mwenzake akiinuliwa, na hamfichi mambo yake.



Baada ya ibada ya Jumapili watu kadhaa walinijia na swali moja, kila mmoja akiliuliza kwa namna yake: "Pasta, mimi na ndugu yangu tumetoka tumbo moja. Mbona siwezi kumwamini?" Nimeona tulishike swali hilo juma hili, kwa sababu hapa kwetu si swali dogo. Kuanzia Galu mpaka Kinondo, ukipanda Ukunda au ukiteremka Msambweni, ardhi imepanda bei, na ploti moja ya baba inatosha kutenganisha watoto walionyonya titi moja. Wengine wenu mmetoka bara, mmekuja kutafuta kazi za hoteli, na kule nyumbani hati ya shamba iko mikononi mwa kaka. Wengine mna ndugu Doha au Jeddah anayetuma pesa kwa simu, na wewe ndiye unayezipokea. Kila nyumba ndugu wanategemeana, na katika nyumba nyingi wanashukiana.

Wazee wetu walisema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Walikuwa na hakika kwamba ugomvi wa ndugu utaisha kabla ya mahindi kukomaa. Sasa mimi nimeona mavuno yakipita mara tano, mara saba, na ndugu bado hawasalimiani. Ndiyo maana tunahitaji Neno.

1. HARUNI TAYARI YUKO NJIANI

Mnakijua kile kijiti kilichowaka moto. Mungu anamwita Musa, na Musa anatoa sababu moja baada ya nyingine. Mwisho anasema yeye si msemaji. Hapo Mungu anamtajia kaka yake. Lakini usome mstari wa 14 polepole. Mungu hasemi kwamba atamtuma mtu kumwita Haruni. Anasema Haruni tayari yuko njiani anakuja, na akimwona Musa atafurahi moyoni.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Haruni. Kutoka 7:7 inatuambia kwamba waliposimama mbele ya Farao, Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83. Haruni ndiye mkubwa. Mdogo wake alilelewa nyumba ya mfalme, huku watu wao wakikanyaga udongo wa matofali. Kisha mdogo huyo akaua mtu, akakimbilia Midiani, na Stefano katika Matendo 7:30 anatuambia ikapita miaka 40. Sasa anarudi. Anarudi kama nani? Anarudi kama kiongozi, na wewe uliyebaki kwenye taabu unaambiwa utakuwa msemaji wake.

Wazaliwa wa kwanza wangapi hapa kanisani wangelipokea hilo? Wengi wangesema, "Wewe ulikuwa wapi sisi tukiteseka? Leo unakuja kunipangia?" Haruni alikuwa na sababu zote za kuudhika. Lakini mstari wa 27 unasema alitoka, akaenda jangwani, akakutana na mdogo wake kwenye mlima wa Mungu, akambusu.

Halafu tazama mstari wa 28, ambao wengi tunauruka. Musa alimweleza Haruni maneno yote na ishara zote. Hakumpa nusu. Hakubakiza siri fulani ili aendelee kuwa mkubwa kwake.

Wapendwa, hapo ndipo somo letu lilipo. Kuaminiana kwa ndugu kunatembea kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni furaha: nakuona Mungu amekuinua, na moyo wangu unashangilia. Mguu wa pili ni uwazi: ninachojua na wewe ukijue. Ukiwa na furaha bila uwazi, siku moja utadanganywa. Ukiwa na uwazi bila furaha, mtakuwa kama washirika wa biashara wanaoviziana. Haruni alileta furaha, Musa akaleta uwazi, na mwisho wa sura tunaona wazee wa Israeli wakiamini. Watu waliwaamini ndugu wawili ambao walikuwa wamekwisha kuaminiana.

Baadaye, kwenye vita na Waamaleki (Kutoka 17:12), mikono ya Musa ilipochoka, Haruni alikuwa mmoja wa wawili walioishikilia mpaka jua likatua. Mwenye wivu angekaa pembeni aone itakavyoanguka.

2. NDUGU WAWILI WA BUGANDA

Kuna mtu atasema, "Pasta, hao ni watu wa Biblia." Basi nikupe wawili wa hapa jirani, Uganda: Simeoni Nsibambi na mdogo wake Blasio Kigozi. Usichanganyikiwe na majina. Kwa Wabuganda kila mtoto hupewa jina lake la ukoo, kwa hiyo ndugu wa nyumba moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa.

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897. Alikuwa mtu mwenye kazi nzuri, ofisa katika idara ya afya. Alitamani sana kupelekwa ng'ambo kusoma, na alipokosa nafasi hiyo aliingiwa na uchungu. Mwaka 1922 Mungu alimkuta katika uchungu huo, akamwonyesha kwamba kitu alichokosa ni kidogo mbele ya uzima wa milele. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake alipokutana na Joe Church, daktari kijana Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Walikaa siku mbili na Biblia, wakitafuta ujazo wa Roho Mtakatifu. Baada ya hapo Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa mhubiri.

Sasa, mdogo wake yuko wapi? Mwaka huo huo wa 1929, Blasio, kijana mwalimu, akitiwa moyo na kaka yake, aliondoka nyumbani kwenda kutumika Gahini. Rwanda wakati huo ilikuwa chini ya Wabelgiji, lugha nyingine, na nchi ilikuwa imepigwa na njaa kubwa. Kaka alibaki Kampala, mdogo akaenda.

Nataka uone jambo hapa. Nsibambi ni mtu aliyenyimwa safari ya kwenda mbali. Angeweza kusema, "Mimi mkubwa sikwenda, na wewe hutakwenda." Lakini yule aliyeumia kwa kukosa kutumwa akawa ndiye anayemtia moyo mdogo wake atumwe. Huko ndiko kupona. Ukitaka kujua kama Mungu amekuponya kidonda chako, angalia unavyojisikia ndugu yako anapopata kile ulichonyimwa wewe.

Na kaka hakumtupa mdogo kule. Mfanyakazi mmoja wa hospitali ya Gahini, Yosiya Kinuka, alisafiri mpaka Kampala kumwona Nsibambi. Walipozungumza juu ya hali mbaya ya kazi ya hospitali, Nsibambi alimwambia wazi kwamba shida iko moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Kinuka alimpa Yesu maisha yake akiwa njiani kurudi, na akawa mtenda kazi pamoja na Blasio. Mnaona hekima hiyo? Kaka hakupanda gari kwenda Gahini kuchukua kazi mikononi mwa mdogo wake. Alimtengenezea msaidizi, kisha akamrudisha kwa mdogo wake.

Blasio alikuja kuongoza shule ya wainjilisti pale Gahini, na mwaka 1934 aliwekewa mikono kuwa shemasi katika kanisa la Anglikana. Mwaka 1935 alijitenga siku kadhaa kwa maombi, na alipotoka mahubiri yake yalikuwa moto. Septemba mwaka huo timu iliyohubiri Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, ilikuwa na ndugu hawa wote wawili. Januari 1936 Blasio alifika Uganda akiwa na ujumbe kwa sinodi ya kanisa lake. Neno lake lilikuwa Zukuka, yaani Amka. Alitaka kuuliza kwa nini kanisa limepoa, kwa nini watu wanaoishi dhambini wanakaribishwa Meza ya Bwana, na nini kifanyike ili uamsho uje. Hakuusema ujumbe huo mwenyewe. Alishikwa na homa ya papasi, akafa mwezi huo huo, akiwa bado kijana. Lakini hoja zake zililetwa mbele ya sinodi, na neno Amka likaendelea kuhubiriwa baada yake.

Kaka aliishi miaka 42 zaidi, mpaka 1978. Aliona moto ule ukivuka Uganda, Rwanda na Burundi, ukaingia Kenya na Tanzania. Watu wa uamsho huo waliitwa Balokole, yaani waliookoka, nao wakaitana "ndugu". Baadhi yenu mliotoka bara mna nyanya na babu walioimba Tukutendereza kwenye mikutano hiyo. Tunapoitana leo "Ndugu fulani" tukiingia kanisani, tunatumia neno ambalo hawa walilibeba kwa uzito. Jina la Blasio linatajwa mpaka leo kila habari za uamsho huo zinaposimuliwa, na kaka yake hakupungukiwa na chochote kwa hilo.

3. KUAMINI SI KUFUMBA MACHO

Nilisoma biashara chuo kikuu kabla sijaingia kwenye huduma. Moja ya mambo ya kwanza tuliyofundishwa ni hili: anayepokea pesa asiwe peke yake katika kuziandika na kuzikagua. Wengine hulisikia hilo wakadhani ni kumwita mtu mwizi. Hapana. Linamlinda mwaminifu. Mtu mwaminifu asiye na maandishi hana cha kuonyesha siku maneno yakianza.

Mtume Paulo aliyajua haya kabla ya vyuo vyetu. Katika 2 Wakorintho 8 anapeleka mchango mkubwa kwa watakatifu. Angeweza kusema, "Mimi ni mtume, niaminini." Badala yake anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Anasema anajali yaliyo mema mbele za Bwana, na mbele za wanadamu pia. Kumbe uwazi ni jambo la kiroho.

Kuna ndugu wawili, majina nayaacha, wameniruhusu niwatumie kama mfano. Kaka alikuwa Ghuba akifanya kazi, mdogo alikuwa hapa akisimamia ujenzi wa vyumba vya kupangisha. Miaka mitatu pesa zinatumwa. Marafiki wakaanza kumjaza kaka maneno: "Mdogo wako anakula." Alipokuja likizo alikuja amewaka. Tukakaa chini ya mwembe, wao wawili, mama yao na mimi.

Mdogo hakubishana. Alitoa daftari la shule, lile la kurasa mia mbili. Kila pesa iliyoingia imeandikwa na tarehe yake. Mawe, saruji, mchanga, ujira wa fundi, nauli ya lori. Risiti zimebandikwa kwa gundi. Katikati ya kurasa kulikuwa na mstari mmoja: shilingi 18,000, mtoto hospitali, deni langu. Chini yake kulikuwa na mistari ya kulipa, elfu mbili, elfu tatu, mpaka deni likaisha. Kaka yake hakuwa akijua habari za deni hilo wala za ugonjwa huo.

Yule kaka aliufunika uso wake kwa mikono, akanyamaza kwa muda. Nikamuuliza mdogo, "Nani alikuambia uandike?" Akasema, "Kaka hayupo kuona, Pasta. Nilitaka daftari liwe macho yake." Kisha akasema neno jingine lililotunyamazisha wote: "Kushukiwa nimezoea. Kilichoniuma ni kwamba miaka mitatu sijasikia kaka akisema, mdogo wangu, umefanya vizuri."

Mnaona miguu ile miwili? Mdogo alikuwa na uwazi. Kaka alikuwa amekosa furaha. Pesa alituma, asante hakutuma. Wapendwa, simu inayopeleka shilingi elfu kumi inaweza kupeleka pia maneno manne: "Kaka, najivunia kazi yako." Kumsifu ndugu yako hakukutoi kwenye nafasi yako.

4. NDUGU AKIANGUKA

Lakini kuna mwingine anasoma hapa akisema, "Wangu hakuandika daftari. Wangu alikula kweli." Neno halikuruki wewe.

Haruni yule yule aliyembusu Musa mlimani ndiye aliyetengeneza ndama wa dhahabu Musa alipochelewa (Kutoka 32). Musa alifanya nini? Kwanza alimuuliza uso kwa uso, mstari wa 21. Hakuzunguka kwa majirani. Pili, katika Kumbukumbu la Torati 9:20 anasema kwamba Bwana alimkasirikia Haruni kiasi cha kutaka kumwangamiza, naye Musa akamwombea. Fikiri: ndugu yako amekuaibisha mbele ya taifa zima, na wewe unapiga magoti kwa ajili yake.

Haikuishia hapo. Katika Hesabu 12 Haruni na Miriamu wanamsema Musa. Tazama wivu ulivyorudi hata kwa mtu aliyeanza na furaha. Usijidanganye kwamba ukishinda wivu mara moja umemaliza. Mungu mwenyewe aliwakemea, Miriamu akapigwa na ukoma, na Haruni, kaka mkubwa, akamsihi mdogo wake, akikiri kwamba wamefanya upumbavu. Musa hakusema, "Mmekipata." Alimlilia Mungu amponye dada yake.

Niseme hili waziwazi kama mchungaji wenu. Kusamehe na kukabidhi hati ya shamba ni mambo mawili tofauti. Msamaha unaweza kuutoa leo. Uaminifu uliovunjika hujengwa upya kidogo kidogo, kwa matendo yanayoonekana, kama ukuta unavyopanda jiwe kwa jiwe. Ukimwambia ndugu yako, "Nimekusamehe, na kuanzia sasa tutaandika," hujavunja upendo. Umeupa msingi. Na wewe uliyekula, usidai kuaminiwa kwa sababu ya damu. Anza kurudisha, hata kama ni elfu moja.

Mwisho wao ulikuwaje? Hesabu 20 inatupeleka Mlima Hori. Musa anapanda na Haruni na Eleazari, mwana wa Haruni. Musa anamvua kaka yake mavazi ya ukuhani na kumvika Eleazari, na Haruni anafia pale. Pamoja na ndama, pamoja na maneno ya Hesabu 12, mkono uliomshika mpaka mwisho ulikuwa wa ndugu yake.

5. KAKA ALIYEBAKI NJE

Bwana Yesu alipotaka kutuonyesha mioyo yetu alisimulia hadithi ya ndugu wawili (Luka 15). Tunamhubiri sana yule mdogo aliyepotea. Juma hili mtazame mkubwa. Anasikia ngoma, haingii. Anamhesabia baba yake: miaka niliyokutumikia, mwana-mbuzi ambaye hukunipa. Yule ana daftari pia, lakini ameandika makosa ya wengine na haki zake mwenyewe tu. Na akimtaja mdogo wake hamwiti "ndugu yangu". Anamwita mwana wa baba yake. Ni baba ndiye anayemrudishia neno lile: huyu ni ndugu yako.

Haruni alitoka kwenda kumlaki ndugu aliyerudi kutoka mbali. Huyu alikataa hata kuvuka mlango. Bwana hakutuambia kama mwishowe aliingia. Labda jibu linasubiri kwetu, hapa Galu, kwenye ile ploti, kwenye ile simu usiyotaka kupokea.

YA KUFANYA JUMA HILI

Kwanza, mpigie ndugu yako mmoja, umtajie jambo moja aliloweza kulifanya vizuri. Usiombe kitu. Usitaje deni. Mshangilie tu, kisha umwage kwaheri.
Pili, kama unashika pesa au mali ya ndugu yako, nunua daftari. Andika tangu unapokumbuka. Mwonyeshe kabla hajauliza.
Tatu, kama kuna ugomvi wa shamba, msikimbilie kuuza wala kuweka uzio. Itisheni kikao cha familia, mwite mzee mnayemheshimu, na makubaliano yaandikwe, yasainiwe mbele ya mashahidi. Mkihitaji mchungaji akae nanyi, ofisi iko wazi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu alimwambia Musa kuhusu furaha ya Haruni kabla hawajakutana? Habari hiyo ilimsaidiaje Musa?
2. Katika familia yako, ni mguu gani umelemaa: furaha au uwazi?
3. Nsibambi alikosa kutumwa ng'ambo, kisha akamtia moyo mdogo wake atumwe. Ni kitu gani ulichonyimwa ambacho unaweza kumsaidia mwingine akipate?
4. Kuna tofauti gani kati ya kusamehe na kuamini tena? Toeni mifano bila kutaja majina ya watu.

TUOMBE

Baba, asante kwa ndugu uliotupa, hata wale wanaotuchosha. Tuondolee hesabu za makosa tulizoziweka moyoni. Tupe furaha ya Haruni mwenzetu anapoinuliwa, na uwazi wa Musa tunaposhika vitu vya wengine. Ponya nyumba zilizogawanyika hapa Galu na kule tulikotoka. Walioiba, wape moyo wa kurudisha. Walioibiwa, wape moyo wa kusamehe na hekima ya kuandika. Katika jina la Yesu. Amina.